Keki ya Maua Yaliyomaliza Kazi

Mbinga Mjini,
Jumanne, mvua imepumzika kidogo

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu hunipi zamu. Nikisema neno moja wewe umeshasema saba, na la mwisho ni lile lile: "Agnesi, rudi nyumbani." Kwenye karatasi utanisikiliza mpaka mwisho, hata kama umenuna. Na najua umenuna, nakuona kabisa ulivyokunja mdomo.

Kwanza goti. Linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua unaitumia au umeiweka kabatini uitunze kama sahani za wageni? Na usinidanganye kwamba huendi sokoni kwa miguu, maana kaka Petro ananiambia kila kitu. Sisi huku hatujambo. Baridi imepungua tangu mvua zianze, sasa naweza kuoga asubuhi bila kupiga kelele. Mume wangu Oswini mzima, bado anashuka ziwani Mbamba Bay kununua dagaa na kuwapandisha huku mjini. Akirudi paka wa mtaa mzima wanampokea kabla yangu. Jumapili moja moja nateremka naye ili nikasali na Waanglikana wenzangu kule ufukweni, kwa hiyo usiseme tena kwamba nimepotea kwa Wakatoliki. Sijapotea. Nasali kote kote.

Haya, tuje kwenye lililokukasirisha.

Petro alipotoka kwetu baada ya Pasaka alikusimulia yaliyotokea kijijini Mbuji, kwa mama mkwe wangu. Kaka yangu ni mtu mwema lakini hajui kusimulia bila kuongeza chumvi. Ngoja nikupe bila chumvi. Nilioka keki kwa yale marashi uliyompa aniletee. Nikatia kama tunavyotia kwetu, vifuniko viwili kwenye unga na kimoja kwenye krimu, na kwa pua yangu ilikuwa inanukia harusi tupu. Tukafika Mbuji, tukala, nikaleta boksi langu mezani kwa maringo yote. Nilipofunua tu, shangazi yake Oswini akageuka akauliza, "Kafa nani?"

Mama, hakuwa anatania. Kwa watu wa pale marashi hayaingii jikoni. Marashi wanayajua kwenye jeneza. Baba mkwe wangu alikuwa amezikwa mwaka uliotangulia, na aliyemnyunyizia marashi kabla hawajafunga ni mkewe mwenyewe, kwa mkono wake. Mama mkwe alisimama akaenda kukaa nje. Keki hakuigusa mtu. Jioni nguruwe ndio waliopewa, na hapo Petro hakuongeza chumvi, ndivyo ilivyokuwa.

Tangu siku hiyo mama mkwe hakula kitu kilichotoka mkononi mwangu. Si keki tu. Nikipika ugali, ameshiba. Nikipika wali, tumbo limejaa. Ananiita vizuri, ananipa kiti, ananiuliza habari za nyumbani, halafu ameshiba! Iliniuma, sitakuficha. Mimi ambaye harusi na kipaimara za mji huu haziendi bila keki yangu, mkwe wangu mwenyewe anashiba kabla sijafunua sufuria. Nilikuwa nikirudi mjini nalia kwenye gari.

Ndipo uliposema watu wasiokula chakula chako hawakutaki, rudi Muheza uchukue oveni yangu, mimi nimechoka. Nikakujibu nitafikiria. Sasa nimemaliza kufikiria. Lakini soma kwanza, usirukie mwisho.

Mvua za kwanza ziliponyesha, kahawa ikachanua. Hujaiona kahawa ikichanua, Mama. Unajua michungwa yetu inavyokuwa, basi na hii ni hivyo, ila maua yamebana tawi zima kuanzia shinani mpaka nchani, meupe, shamba lote hadi bondeni. Na harufu ni asumini. Asumini kabisa! Nilishuka kwenye gari pale Mbuji nikasimama barabarani kama mtu aliyesahau anakokwenda. Nikakukumbuka wewe na ile sukari yako ya asumini ya keki za harusi, na papo hapo nikajua nitafanya nini.

Huku mvua zikianza kuna Misa ya kubariki mbegu. Watu wanapeleka kanisani mahindi na maharage ya kupanda, wengine majembe, padri anabariki, halafu wanakula pamoja uwanjani kabla kila mtu hajaenda kuinama shambani kwake. Kila nyumba inaleta chakula. Nikamwambia Oswini, "Safari hii nyumba ya mama yako italeta keki."

Akaniangalia kwa hofu. "Ya marashi?"

"Ya maua ya kahawa."

"Mke wangu, unatafuta kufukuzwa."

Nikamwambia kama ni kufukuzwa, nifukuzwe nimevaa vizuri na keki yangu mkononi. Unanijua nikishaamua. Tena nimekurithi wewe.

Basi nikaenda Mbuji siku chache kabla ya Misa. Asubuhi yake nikachukua bakuli, nikaingia shambani kwa mama mkwe, nikaanza kuchuma. Nachuma, naimba, bakuli linajaa. Nikasikia mtu amesimama nyuma yangu. Mama mkwe, ana fimbo yake na sweta la marehemu.

"Unafanya nini?"

"Nachuma maua, Mama."

"Hayo si maua."

Akalitazama bakuli kwa muda, akanitazama na mimi.

"Hiyo ni kahawa," akasema. "Umeichuma kabla haijazaliwa."

Mama wee! Natamani ungeniona. Mimi mtoto wa Muheza niliyekulia chini ya michungwa, niliyeona ulivyomkimbiza Petro na ufagio kwa kukata tawi lenye maua amtengenezee msichana shada, ndiye niliyekuwa nimeshika bakuli zima la kahawa ya mjane. Harufu ilikuwa imenilevya akili. Nikamwomba samahani. Hakupiga kelele, na ningeshukuru kama angepiga. Alisema tu, "Kama lazima ule maua, kula yaliyomaliza kazi. Ya chini chukua. Ya juu ni yangu na wanangu." Akaondoka zake.

Hilo "wanangu" lilinikaa kooni, maana nilijihesabu nikajikuta simo. Nilikaa chini ya mti wa kahawa nikafikiria basi la kwenda Muheza, na nakuambia kweli, siku ile ningepigiwa simu na wewe ningekuja.

Lakini hukupiga. Nikainuka nikaanza kuokota.

Ya chini hayafai, Mama. Yamelowa, yamekuwa kahawia, yana sisimizi na harufu ya majani yaliyooza. Wifi yangu Gaudensia, mdogo wake Oswini, akanikuta nimeinama napekua udongo akacheka mpaka akashika mti. "Wifi, hata kuku wamekuzidi, wao wanajua wanachotafuta!" Nikamwambia acha kucheka, nitafutie khanga kuukuu.

Maana nilikuwa nimeshaona kitu. Ua la kahawa likishashika tunda haling'ang'anii. Lile jeupe linalegea, linaning'inia kidogo, kisha linaachia na kukiacha kitone kidogo cha kijani tawini. Sasa likiangukia kwenye khanga badala ya udongo, si bado safi? Na mama mkwe si kasema ya chini ni yangu? Hakusema chini wapi. Tukatandika khanga chini ya miti, tukafunga ncha kwenye mashina ili zisiguse ardhi. Gaudensia akasema watu wa Tanga tuna maneno ya kortini. Nikamwambia hujaona kitu bado.

Asubuhi nikakuta khanga zimetapakaa maua. Nikayakusanya kwa vidole viwili viwili. Harufu ipo, ila imefifia, kama mtu aliyejipaka mafuta jana. Nikafanya kama ulivyonifundisha kwa asumini: tabaka la sukari, tabaka la maua, tabaka la sukari, kwenye ndoo yenye mfuniko. Kwa kuwa harufu ilikuwa ndogo, kesho yake nikachekecha yale ya kwanza nikazika mengine mapya kwenye sukari ile ile. Na siku iliyofuata tena.

Asubuhi ya mwisho nilikuwa peke yangu na khanga kubwa, nahangaika kuiinua bila kumwaga. Upande wa pili ukainuka. Alikuwa mama mkwe ameshika ncha mbili. Tukaikunja pamoja, hatua kwa hatua, tukikaribiana, mpaka mikono yetu ikakutana katikati. Hakuiachia.

"Ile harufu ya Pasaka," akasema.

"Nisamehe, Mama. Kwetu ni ya sherehe. Sikujua."

"Najua hukujua." Akavuta pumzi. "Nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza kulala usingizi. Ulipofunua lile boksi nikamwona tena amelala mle ndani. Siyo wewe niliyekukataa. Kila nikikaribia chakula chako naisikia tena, hata kama haipo. Nilishindwa kukwambia, mtu mzima anaogopa harufu!"

Nikalia. Na yeye akalia kidogo, kisha akafuta uso kwa ncha ya khanga na maua mawili yakamganda shavuni. Sikumwambia. Nilipeleka maua ndani, na nikiwa dirishani nikamwona amesimama uani amefunua ndoo yangu ya sukari, ameingiza pua. Akafunika haraka akatazama huku na huku.

Kuoka sasa. Kijijini hakuna oveni, nikarudi kwenye mambo ya bibi yetu: sufuria kubwa, mchanga chini, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko. Tabaka la kwanza lilipanda kwa majivuno likadidimia katikati kama kitanda cha kamba. Milima hii, Mama! Beking pauda ya Muheza huku inakuwa na nguvu mara mbili. Gaudensia akasema hiyo yenye bonde aachiwe yeye, akaimaliza na chai. Nikapunguza beking pauda, nikaongeza yai, na matabaka matatu yaliyofuata yakatoka yamenyooka. Maziwa niliyochanganyia niliyachemsha na maua. Sukari ya krimu tuliitwanga kwenye kinu, na Gaudensia alikuwa akitwanga mara mbili, analamba mara moja. Sikuweka pambo lolote juu. Nyeupe tupu.

Misa ilikuwa nzuri. Padri alimwagia maji ya baraka mpaka watoto, na mzee mmoja akainua gunia lake lote la mbegu lipate maji ya kutosha. Tukatoka uwanjani, masufuria yakafunuliwa, ugali, maharage, nyama ya nguruwe, na wale dagaa wa Oswini. Halafu zamu ya boksi langu. Shangazi yule wa "kafa nani" alikuwa amekaa mbele kabisa. Nilifunua, nikarudi nyuma hatua.

Watu wananusa.

Shangazi akakunja uso. "Mbona inanukia shambani kwetu?"

Hapo nikajua nimeshinda nusu, ila nusu yenyewe siyo niliyokuwa naitaka. Niliyekuwa namtazama ni mama mkwe. Alikuja taratibu na fimbo yake, akapokea kipande changu cha kwanza kwa mikono miwili. Akakinusa. Akakipeleka mdomoni. Mama, alitafuna kipande kile kwa muda mrefu kuliko mahubiri ya padri, na watu wote wanamwangalia, maana yale ya Pasaka kila mtu aliyasikia.

Akameza. Akaniuliza, "Ni ya mti gani?"

Sikuelewa. "Mti gani vipi, Mama?"

"Haya maua. Uliyatoa mti gani?"

"Mengi ni ya ule ulio karibu na banda la mbuzi."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Ndiyo. Ule hata kahawa yake huwa tamu kuliko ya mingine." Akaweka fimbo chini, akaninyang'anya kisu. Naam, alikichukua mkononi mwangu, akaanza kukata na kugawa yeye! Na alivyo mkali: huyu asipewe kikubwa, ana kisukari, yule ameshapita mara moja, arudi nyuma, watoto kwanza. Shangazi alipokuja mara ya pili akijifanya anamchukulia jirani, mama mkwe akamwambia, "Wifi, jirani yako ana miguu." Uwanja mzima ukacheka. Kipande cha mwisho hakumpa mtu. Alikila mwenyewe amesimama, mbele yangu, akalamba kidole.

Jumamosi amekuja hapa mjini kwetu. Hajawahi kulala nyumbani kwangu tangu niolewe. Amekuja na maharage, kuku mmoja, na amri kwamba shambani mwakani kuna miti atakayoikata ichipue upya, kwa hiyo mmojawapo anausubirisha uchanue kwanza, niuchume wote nitakavyo, na nisiguse mwingine. Anakula kila ninachopika na anakikosoa chote. Jana alisema wali wangu una nazi nyingi. Nilifurahi nikakaribia kumbusu.

Kwa hiyo jibu langu, Mama. Sirudi. Siyo kwamba sikupendi au oveni yako siithamini, hiyo oveni ndiyo iliyonilea. Lakini mimi niko kwangu hapa. Goti likiruhusu, njoo wewe. Utaona maziwa ya huku, utaona ziwa, na nitakuonyesha krimu ya maua kwa macho yako. Kwenye boksi nililompa dereva wa basi kuna mtungi mdogo wa ile sukari na kahawa ya mama mkwe iliyokaangwa. Sukari usiweke kwenye chai ovyo, nakujua. Okea keki.

Nisalimie kaka Petro na mkewe, na umwambie safari ijayo abebe mzigo mwingine. Msalimie Shangazi mshona nguo, gauni alilonishonea lilipendeza kanisani hata mafundi wa huku wakauliza. Mjomba wa gereji asiache kunywa dawa zake. Bibi mzaa baba nampa shikamoo mbili, moja ya leo na moja ya siku nilizokaa kimya. Mchungaji naye msalimie, mwambie bado ni kondoo wake ingawa nalishwa mbali.

Nilitaka kufunga bahasha hapo, lakini ngoja. Mama mkwe yuko hapa kwenye kigoda anapukuchua maharage, na ameniuliza naandika nini kirefu hivi. Nimemwambia ukweli, kwamba mama yangu ananitaka nirudi Muheza na mimi namwandikia kuwa sirudi. Amepukuchua ganda moja, la pili. Kisha akaniambia niandike maneno yake kama yalivyo, nisipunguze. Nayaandika:

"Mwambie mama yako, mimi na marehemu mzee tulipokutaka tulipanda basi mpaka Muheza. Tulikaa kwenye mkeka wake, tukamwomba kwa adabu. Na alitukalisha siku mbili nzima hajatujibu. Kama na yeye sasa anakutaka, apande basi, aje aniombe. Mkeka nitamtandikia. Na mimi nitamkalisha mpaka kahawa iive."

Mwanao,
Agnesi